Mtengeneza Mikisa wa Ihumwa: Yoramu Elia Ndahani, 1983–2025

Marehemu Yoramu Elia Ndahani alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1983, katika kijiji cha Handali, ambacho wakati ule kilikuwa Wilaya ya Dodoma Vijijini na sasa kiko Wilaya ya Chamwino. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Elia Ndahani, aliyefariki mwaka 2009, na Mama Debora, ambaye yuko nasi hapa. Mama anakumbuka kwamba Yoramu alichelewa kusema. Alifika miaka mitatu hajatamka neno la kueleweka, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba ni bubu. Jioni moja mbuzi waliporudi kutoka malishoni, alisimama mlangoni akasema kwa sauti kamili, "Kengele moja haipo." Watu wakaenda kuhesabu. Beberu mwenye kengele ndogo alikuwa amebaki korongoni.

Alisoma Shule ya Msingi Handali kuanzia mwaka 1991 hadi 1997, kisha sekondari Mvumi, 1998 hadi 2001. Kidato cha tano na cha sita alisomea Dodoma mjini, akamaliza mwaka 2004. Alifanya vizuri fizikia, masomo mengine hayakumpenda, na chuo hakupata. Kwa miaka mitatu alikaa kwa fundi redio karibu na soko la Majengo, akiunga nyaya na kufufua amplifaya za makanisa na misikiti bila ubaguzi. Jumapili alisimamia mitambo ya kwaya kanisani kwake, na hapo ndipo alipokutana na mikisa.

Kwa wasioijua, mikisa ni meza ya vidude. Kila maiki na kila ala huingia kwa njia yake, inayoitwa chaneli, na fundi hupandisha huyu na kumshusha yule mpaka sauti zote zikae pamoja. Mikisa ya kanisa ilikuwa na chaneli kumi na mbili, moja imekufa. Jumapili moja ya mwaka 2005, baada ya ibada, mwimbaji wa sauti ya pili, Mama Jenifa, alimfuata akiwa bado na joho.

"Yoramu mwanangu, leo umenimeza."

"Shikamoo mama. Sijakumeza. Ulisimama mbali na maiki."

"Marahaba. Maiki naijua tangu hujazaliwa. Nionyeshe kidude changu kiko wapi."

Alimwonyesha. Kisha akabandika plasta nyeupe chini ya kile kidude na kuandika jina lake. Jumapili iliyofuata wanakwaya wote walipanga foleni kabla ya ibada, kila mmoja akitaka kuona chake, na mwalimu wa kwaya akalalamika kwamba Mungu anasubirishwa. Lakini Yoramu aliondoka na fundisho. Aliamini tangu siku ile kwamba mtu asiyeonekana kwenye mikisa hatasikika kwenye wimbo. Imani hiyo ndiyo iliyompa kazi yake yote. Ndiyo pia iliyomgharimu.

Mwaka 2007 alikuwa katika kundi la kwanza kabisa la Chuo Kikuu cha Dodoma, lile lililoanza masomo Chimwaga majengo mengine yakiwa bado yanainuka. Alihitimu shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa Afisa TEHAMA wa halmashauri, Chamwino. Wenzake wa ofisini wanamkumbuka kwa kutokupenda vikao na kwa kutengeneza printa kwa kuisikiliza.

Tarehe 17 Agosti 2013 alifunga ndoa takatifu na Raheli Chilongani, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mpwapwa. Walipanga vyumba viwili Ihumwa, upande wa reli, na baadaye wakajenga hapo hapo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Miriam mwaka 2015 na Erick mwaka 2018. Katika kimojawapo cha vyumba vile vya kupanga ndipo marehemu alipoanza kuandika programu ya muziki aliyoiita Safu. Aliandika kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, chai ikimpoa mbele yake. Raheli alikuwa akiwaambia wageni, "Nimeolewa na mwanamume mwenye chaneli thelathini na mbili. Mimi mwenyewe sijui niko ya ngapi."

"Wewe ni ile ya mwisho kulia," Yoramu alimjibu. "Wote wanapitia kwako ndipo watoke nje."

Jina la Safu lilieleza kila kitu. Programu nyingi za muziki huificha mikisa nyuma ya kurasa; fundi hufungua dirisha moja, akalifunga, akafungua lingine. Yoramu alikataa. Kwenye Safu chaneli zote zilisimama mstari mmoja kwenye kioo, kila moja na jina lake, kila moja na mshale wake unaopanda na kushuka, na juu yao wote ukapita mstari mwekundu. Sauti ikivuka mstari ule, imezidi, inaanza kukwaruza. Ilikuwa ile mikisa ya kanisani, na chaneli iliyokufa imefufuliwa.

Mwaka 2014 alikuja nyumbani kwake kijana mwembamba kutoka Pahi, Kondoa, amebeba kompyuta ndani ya mfuko wa mbolea. Aliitwa Zaidi Uwesu. Alikuwa akitengeneza muziki wa kompyuta wa kucheza, ule wa kasi unaopigwa kwenye harusi na minadani, na alikuwa ameipata Safu kwa mtu. Theluthi nzima ya kioo chake ilikuwa nyeusi, imekufa.

"Kaka, hii Safu yako kwangu inaanzia chaneli ya kumi na moja," alisema. "Hao kumi wa kwanza wanaimba, ila sijawahi kuwaona."

"Badilisha kioo."

"Kioo nitabadilisha Mungu akipenda. Wewe badilisha Safu."

Yoramu alicheka, na kwa kucheka huko akapata rafiki. Ndani ya wiki mbili alimwandikia Zaidi ukurasa mdogo wenye chaneli moja tu kwa wakati mmoja, unaoenea kwenye kioo kibovu. Zaidi aliupa jina la Chumba. Alipopata kompyuta nzima, aliendelea kufanyia kazi ndani ya Chumba vile vile. Alisema mikisa inayoonekana yote humfanya mtu atengeneze muziki kwa macho. "Ukiona mishale imelingana unaridhika," alimwambia Yoramu. "Mimi nataka niingie kwa mmoja, nimfungie mlango, nimsikilize, nitoke."

Kwa miaka mitano walibishana. Zaidi alikuwa akishuka na basi la asubuhi kutoka Kondoa, anaingia Ihumwa na begi la karanga za mama yake, anasalimia, "Shemeji, yule mzee wa mistari yupo?" Kisha wanakaa mbele ya spika mpaka Raheli awaite kula. Yoramu alimwambia besi yake imekaa mbele mno, wageni wa harusi watatapika pilau. Zaidi alimwambia nyimbo zake zimenyooka kama sare za wanafunzi Jumatatu. Hakuna aliyemshinda mwenzake, na hakuna aliyetaka kushinda. Mwaka 2016 marehemu aliacha kazi ya halmashauri ili afanye Safu peke yake, na mtu wa kwanza kuambiwa baada ya mkewe alikuwa Zaidi.

Kufikia mwaka 2019 Safu ilikuwa na watumiaji zaidi ya elfu tatu, na hakukuwa na wawili waliotaka kitu kimoja. Mwenye studio ya nyimbo za injili Mbeya aliomba majina ya chaneli yaandikwe kwa herufi kubwa, macho yake yamechoka. Mpiga kinanda wa taarabu wa Tanga hakutaka vidude vya duara. Alisema kuzungusha ni kazi ya mpishi. Kijana wa Mwanza aliandika kwamba mikisa nzima ni usumbufu, apewe kitufe kimoja cha kuongeza kelele. Mama mmoja wa Arusha, anayetengeneza muziki kwa sauti za upepo na mashine za kusaga, alitaka chaneli mia moja na ishirini. Yoramu alimjibu kila mmoja kwa adabu, na mara nyingi hakufanya alichoombwa. Lazima hili lisemwe, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema: aliyaamini masikio yake kuliko ya wengine.

Tarehe 17 Oktoba 2019 alitoa Safu ya tatu. Ndani yake aliweka kizuizi kinachoikamata sauti yoyote inayovuka mstari mwekundu na kuirudisha chini, na hakuweka njia ya kukizima. Aliona anawasaidia watu. Kwa kuwa hesabu zake zilionyesha wanaotumia Chumba ni watu kumi na mmoja tu, alikiondoa pia. Hakumwambia Zaidi. Raheli alipomuuliza baadaye kwa nini, alisema alitaka iwe zawadi, amkute rafiki yake kwenye Safu iliyo safi.

Siku hiyo hiyo Zaidi, akiwa Pahi, alipakua toleo jipya na kufungua nyimbo tisa alizomaliza kwa msimu wa harusi. Kizuizi kilizishusha zote. Alipozihifadhi, hali ya zamani ikafutika na haikuweza kurudi. Kesho yake adhuhuri alikuwa Ihumwa. Hakuleta karanga.

"Umezifua nyimbo zangu," alisema, akiwa amesimama.

"Kaa kwanza, Zaidi. Zilikuwa zinakwaruza."

"Nilizikwaruza mimi! Kwa mkono wangu!"

"Kitaalamu, sauti ikivuka pale..."

"Achana na kitaalamu. Babu yako alipiga marimba?"

"Alipiga."

"Kwenye kile kisanduku cha mbao kuna tundu. Aliliziba na nini?"

Kila mtu aliyekulia Ugogoni analijua jibu, na Yoramu alilitoa. "Utando wa buibui."

"Wa nini?"

"Ili ilie."

"Ilie vipi, kaka?"

"Ikwaruze," alisema Yoramu.

"Basi." Zaidi alichukua begi lake. "Mzee alihangaika kutafuta buibui porini apate ile sauti. Wewe umeandika programu ya kumfuta." Alimgeukia Raheli aliyekuwa mlangoni na kumwambia kwa heshima, "Shemeji, kwaheri. Chakula chako sikuwahi kukilalamikia." Akaenda zake.

Marehemu aliandika njia ya kukizima kizuizi kile ndani ya siku tisa. Nyimbo tisa hazikurudi. Zaidi alibadilisha namba ya simu na akahamia programu nyingine. Yoramu alimtumia barua kupitia dereva wa basi mara mbili; haijulikani kama zilifika. Mwezi Juni 2021 alikwenda Pahi mwenyewe. Alimkuta mama yake Zaidi, Bi Mwantum, akipepeta uwele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Yuko Babati, kwenye mnada. Nitamwambia umekuja."

"Amewahi kusema lolote juu yangu?"

"Anasema hana neno na wewe." Bi Mwantum aliendelea kupepeta. "Ila huyu akisema hana neno, ndipo analo."

Alingoja mpaka basi la mwisho, akarudi.

Watu wengi walimjua Yoramu wa miaka iliyofuata kama mtu mpole na mwenye kazi nyingi. Mkewe alijua zaidi. Nyimbo mpya za Zaidi zilipigwa Dodoma nzima, na Jumamosi kukiwa na harusi jirani, Yoramu alitoka akasimama kwenye ua na kusikiliza mpaka wimbo uishe. Mara moja Raheli alimfuata.

"Si uingie tu? Wanakujua."

"Besi kaiweka mbele mno," alisema. Akasikiliza tena. "Mbele mno kabisa. Sasa nimwambie nani?"

Mwezi Machi 2023 alianza kuvimba miguu na kuchoka. Vipimo vilionyesha kwamba figo zake zote mbili zilikuwa zimeshindwa, na kuanzia Julai mwaka huo alisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa moyo kwa muda wa mwaka mmoja na miezi saba. Mkono wa kushoto ulikuwa wa mashine. Wa kulia ulibaki wake, na kwa mkono huo mmoja aliandika Safu ya tano. Alirudisha Chumba. Aliuondoa mstari mwekundu, akauweka mahali ambapo anayeutaka atauomba. Muuguzi mmoja alimuuliza kwa nini asipumzike, akajibu kwamba kuna mteja mmoja anamdai majibu.

Wapo waliomshauri aandike pia ili watu wa Mbeya na Tanga na Mwanza wapate walichoomba. Alifanya hivyo. Herufi zikakua, vidude vya duara vikapata mbadala wa kunyooka, hata kitufe cha kelele kikawekwa, kidogo, pembeni. Alimwambia mkewe kwamba kwa miaka kumi alikuwa akitengeneza mikisa ya mtu mmoja na kuwalazimisha elfu tatu wakae ndani yake.

Safu ya tano ilitoka Jumanne tarehe 4 Februari 2025. Siku hiyo Raheli alimpigia simu Bi Mwantum na kumweleza hali ya mumewe, naye akatoa namba mpya ya Zaidi bila kuulizwa mara ya pili. Yoramu aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika tena. Mwisho alituma maneno haya: "Chumba kimerudi. Mstari umetoka. Nilikosea."

Simu ilionyesha kwamba ujumbe umesomwa. Kwa siku kumi hakukuwa na jibu. Katika siku hizo hali yake ilishuka, maji yakaingia kifuani, na akalazwa. Aliomba simu iwekwe upande wa mkono wa kulia.

Jibu lilikuja Ijumaa tarehe 14 Februari, saa tisa alasiri. Hakuwa na nguvu ya kushika simu, Raheli akamsomea: "Nimeifungua. Bado ina vitu vingi mno mbele ya macho. Lakini nimeingia Chumbani nikatengeneza wimbo mzima, huo hapo. Nakuja Jumapili. Usiniletee utaalamu."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

"Nikufungulie wimbo?" Raheli aliuliza.

"Usifungue. Simu haina besi. Nitamlaumu bure." Akapumua kidogo. "Aje. Tutausikiliza kwenye spika, naye akiwepo. Siwezi kubishana na mtu ambaye hayupo."

Alimwagiza Miriam afute vumbi kwenye spika za sebuleni, na Miriam alifuta jioni ile ile.

Yoramu alifariki kesho yake, Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, saa tatu na nusu asubuhi, mkewe na mama yake wakiwa pembeni. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, umebaki mwezi mmoja atimize arobaini na miwili.

Zaidi alikuwa ameshaahidi, na hakuna aliyekumbuka kumpigia simu. Alishuka kwenye basi Jumapili saa nne asubuhi, akatembea kutoka barabarani akiwa na kompyuta yake mgongoni na begi la karanga mkononi, na aliona turubai na viti kabla ya kumwona mtu. Watu wa kwanza kumpokea walikuwa wanawake waliokuwa wakipika. Aliweka begi chini taratibu. Raheli alipotoka ndani, Zaidi hakuweza kutoa pole. Alichouliza kilikuwa kingine.

"Ameusikiliza?"

"Hapana, shemeji. Alisema anakungoja wewe."

Zaidi aliinamisha kichwa, akakaa kwenye mkeka pamoja na wanaume wa ukoo, na hajaondoka hapo mpaka leo. Jana alimwomba Raheli asiufute ule wimbo kwenye simu ya marehemu, wala asiufungue. Hata yeye, alisema, hajui kama ni mzuri; mtu wa kumwambia alikuwa mmoja.

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Raheli Ndahani. Watoto wawili, Miriam na Erick. Mama yake mzazi, Mama Debora. Ndugu wanne, shemeji na wapwa wengi. Ameacha pia rafiki yake Zaidi Uwesu wa Pahi, ambaye ukoo, baada ya kukaa kikao jana, umeamua atupe udongo pamoja na ndugu wa kuzaliwa, baada ya kaka zake na kabla ya binamu.

Mwenyezi Mungu ampokee mtumishi wake Yoramu na kumpumzisha kwa amani, mahali ambapo hana tena wa kumngoja.